Nimemng'oa Radi Gego

Shoga uko wapi?? Nimejifungia stoo ya kliniki.

Yule mzee niliyemng'oa gego sasa hivi ni RADI. Radi wetu wa muziki wa roki! Faili lina jina lake la kuzaliwa, ningejuaje?

Nimeshamchoma ganzi, mdomo wazi, pamba tele. Redio ikapiga ule wimbo wake wa kila siku. Mimi na kiherehere changu nikaanza: "Huu umenichosha. Nyimbo zake tamu ni za ile miaka kumi aliyoacha gita akashika kinanda, watu wote wakamkimbia. Tulibaki mimi na shoga yangu tu."

Mzee akaguna, akajipigapiga kifuani. Nikadhani anaumia. Nikamwongeza ganzi!

Halafu nikamwimbia. Ule wetu wa mvua, tunaoulilia miaka yote. Beti zote tatu, koleo mkononi.

Gego likatoka. Akatoa pamba mdomoni, akasema, "Huo wimbo ni wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ila nilishausahau kabisa," akasema, mdomo umeenda upande. "Hebu uimbe tena."

Nikauimba TENA, shoga. Nesi yuko mlangoni anajikaza asicheke. Mzee kafumba macho, katulia tuli. Nikajiambia, leo nimemrudishia mtu kitu chake kilichopotea. Machozi yakanilenga.

Nikamaliza. Akafumbua macho polepole.

"Ahsante, daktari. Sasa nimekumbuka kwa nini niliusahau."