Chumvi ya Nyota Nyekundu

Mama,

Nimefika, lakini nimechelewa. Telegramu ilinikuta Ulaya ukiwa umeshazikwa. Hapa Bujonde matanga yameshaanuliwa, na nilipoanza kulia majirani walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyefika gulioni watu wakifunga mizigo.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako. Wenzako uliokuwa ukivuka nao mto Songwe kufuata chumvi Malawi, siku zile madukani haipatikani, sasa wanauza vitenge. Tangu ije ruksa ya biashara huria chumvi imejaa kila duka, hakuna anayeigombania. Mfuko wako wa chumvi bado unaning'inia juu ya mafiga. Nimeshindwa kuushusha.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yangu? Maji ya kunde yalifurika motoni, ndimi za moto zikawaka manjano. Nikakuambia kilichoupaka moto rangi kimo ndani ya chumvi, kinaitwa sodiamu, na mimi nakitafuta katika mwanga wa nyota. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi: "Kumbe na wewe mchuuzi wa chumvi tu!"

Nikakusimulia kishada changu cha nyota, maelfu kwa maelfu zilizosongamana, zilizozaliwa pamoja. Ninazopima ni zile zilizozeeka. Kuni zao za katikati zimekwisha, zimevimba na kuwa nyekundu. Tulitegemea zifanane, watoto wa tumbo moja. Hazifanani. Nyingine zina sodiamu tele na oksijeni kidogo, nyingine kinyume chake. Ukaacha kucheka, ukauliza: "Sasa hao wenye nayo nyingi, nani aliwapa?"

Nilisema nitakuletea jibu. Sina, Mama. Walimu wangu wanabishana. Wapo wanaosema nyota hizo zimeipika zenyewe tumboni. Wapo wanaosema zimeachiwa na nyota zilizokufa kabla yao. Naumia kwamba uliondoka ukisubiri. Nilipofika hapa nilikata shauri nisirudi tena kule. Nyota za nini, kama hakuna wa kumsimulia?

Juzi nikapika wali na samaki, mbasa wa ziwani. Tusajigwe, mdogo wangu, alionja akaliweka tonge chini. "Dada, mbona chumvi yako ni ya Mama?" Sikuwa nimepima. Mkono wenyewe ulichota kiasi chako kilekile. Tulilia wote wawili, wali ukapoa.

Hilo si jibu la nyota, najua. Nyota zinataka vipimo, hazitaki machozi yangu. Kwa hiyo narudi kule kupima. Na jibu likipatikana, hata likiwa kwamba zilijipikia zenyewe, nitakuja kulisema hapa kaburini kwako, kwenye migomba, kwa sauti, wenzako wasikie.

Ndaga fijo, asante sana, Mama. Pumzika. Mfuko nimeuacha palepale.

Mwanao,
Sekela