Maji Kabla ya Mwezi

Marahaba, Mira mjukuu wangu. Huku Kinondoni sote wazima.

Ati mama mkwe wako anasema, "Siku ya mfungo wa Karva Chauth, mke akinywa maji kabla ya kuuona mwezi, mumewe haoni uzee." Uongo! Mfungo wangu wa kwanza nilikuwa mjamzito kama wewe. Nilisimama uani na chekeche mkononi, nikisubiri kuuchungulia mwezi kupitia matundu yake, kama desturi yetu. Mawingu yakagoma kuondoka, nikaanguka kwa kiu. Babu yako akaninywesha maji.

Mama yake akampigia ukelele, "Utakufa, wewe!"

"Nife, Mama, lakini mke wangu anywe kwanza."

Babu huyohuyo yuko sebuleni na mvi zake, anagombana na redio! Mfungo huu wa kuwaombea waume maisha marefu naupenda, na mwaka huu nitafunga kwa niaba yako. Wewe msomee mama mkwe barua hii, kisha unywe maji mbele yake.