Faini Yako Iko Misungwi

Misungwi, Mwanza.
15 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Odeta,

Marahaba kwa shikamoo yako. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta u mzima, na kwamba baridi ya Uholanzi haijakuzidi nguvu. Sisi sote tu wazima. Dada yangu, yaani mama yako, magoti yamempa nafuu tangu tulipomhamishia hapa kwangu.

Nimeyasoma maneno yako kwa utulivu. Wasema kwamba ziwa lilipopanda na kuingia jikoni kwa mama yako kule Pasiansi, moyo wako ulikushitaki kwa safari zako nyingi za ndege, ambazo moshi wake unachangia kuharibu hali ya hewa. Na kwamba kwa sababu hiyo hutapanda ndege tena, hata kuja kumwona. Nilimsomea. Aliendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, "Maji yamechukua jiko langu. Sasa yachukue na mtoto?"

Sitakudanganya kwamba moshi si moshi. Lakini hukulijaza ziwa peke yako, na wenye moshi mkubwa kuliko wako hawakosi usingizi.

Pengine umeisahau ngitili yetu, lile eneo la malisho tunalolifunga mvua zinapoanza ili majani na miti viote, tukalifungulia mifugo wakati wa kiangazi. Mwaka jana jirani yetu Kashindye aliingiza ng'ombe kabla ya wakati. Baraza lilimwita, akakiri, akatozwa mbuzi, na mbuzi huyo tulimla pamoja naye. Kaka yako Mhoja akamtania, "Kula, Kashindye, nyama yako tamu kuliko ya buchani." Tangu hapo hatuna mlinzi mkali kumshinda. Hakuna aliyemtaka ajifungie ndani maisha yake yote.

Nawe umejihukumu ukiwa peke yako, ukajitoza faini ambayo anayeilipa ni mama yako. Kwa utaratibu wa huku, hukumu hiyo ni batili.

Kwa hiyo nililiwasilisha shauri lako mbele ya baraza la ukoo, nalo limeamua hivi: uunganishe likizo zako, uje mara moja na ukae sana, badala ya safari fupi fupi. Mvua zitakapoanza, ufunge ngitili pamoja nasi na kupanda miche upande wa kijito. Ukirudi huko, endelea na baiskeli yako, na udai wenye viwanda nao waitwe barazani kwao.

Mama yako hakusubiri jibu lako. Jana alikwenda kijitoni na jembe, akachimba mashimo ya miche hadi nusu ya mstari, akaacha. Kashindye alipotaka kummalizia, alimzuia. "Acha hayo," alisema. "Hayo ni ya mwenye kosa."

Shangazi yako Tereza, Mhoja na Kashindye wanakusalimu kwa upendo.

Mungu akujalie usingizi usio na mashitaka, na safari njema.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukungoja,

Shigela Mihayo