Mwenye Umbo la Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya mtu aliyepiga magoti, ingawa hunioni. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na kitinda mimba wako, bado anashikwa na kikohozi kila akiambiwa aoshe vyombo? Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na kazi ya chumba cha mashuka hotelini inaendelea. Napiga pasi mpaka nikifumba macho naona nyeupe tupu.

Barua hii inakuja na kifurushi, na najua mkono wako umeshafika kwenye kamba. Acha kwanza, Mama. Soma mpaka mwisho ndipo ufungue, kwa sababu humu mna jibu la jambo ambalo hujaniuliza, nami sitaki ulipate nusunusu.

Ni hivi. Nilipata kitambaa cha kijani, kizito kidogo, kinachoanguka vizuri. Nikampelekea mwenzangu ninayekaa naye, yule fundi anayeshona sare za wauguzi. Nikamwambia nataka gauni la mama yangu, na lazima liishe kabla ya Jumapili jioni, maana rafiki yetu muuguzi tunayemwita Bi Haraka anarudi nyumbani kwa likizo na amekubali kulibeba. Fundi akaniomba vipimo. Sikuwa navyo. Akasema nikupigie simu. Nikamwambia haiwezekani, kwani Mama akiulizwa kiuno atauliza cha nini, na akishauliza, mimi kumdanganya siwezi. Basi nikampigia kitinda mimba wako, akanijibu eti Mama ni mnene kiasi, si sana. Jamani! Anakaa nawe nyumba moja, na hayo ndiyo maelezo yake!

Sasa, fundi wetu ana sharti lake, hata umlilie machozi ya damu. Hakati kitambaa kwa maneno. Anasema mtu akieleza umbo la mama yake anaeleza mapenzi, wala si kiuno. Ni lazima auone mwili. Na Jumamosi ile tulikuwa tumepanga kutembea mjini, kwa sababu Bi Haraka tangu afike nchi hii hajui chochote zaidi ya wodi na kituo cha treni. Fundi akatia futi yake ya kupimia kwenye mkoba, akasema mji umejaa wanawake, twende tukatembee, na nikimwona mwenye umbo la Mama nimwonyeshe.

Mama, tulitembea! Tulivuka lile daraja refu kwa miguu, tukapanda mnara ambao ngazi zake haziishi, Bi Haraka akitangulia kama kawaida yake na kutusubiri juu akihema. Wenzetu walikuwa wanatazama mji. Mimi natazama wanawake. Huyu mabega ni yenyewe, lakini chini hakuna kitu. Yule nyonga ni za Mama kabisa, ila mrefu kama nguzo ya umeme. Kwenye bustani ya maua nilimfuata mama mmoja mpaka mumewe akageuka na kunikazia macho, tukatokomea haraka. Bi Haraka akasema ameahirisha kufunga mizigo ili aje kukamatwa na polisi.

Nilishakata tamaa tulipoingia jumba la makumbusho, tena tuliingia kwa sababu ya mvua tu. Kuna chumba kimejaa viti vya zamani vilivyozungushiwa kamba, visikaliwe. Pembeni amesimama mlinzi, mwanamke wa makamo, mikono kiunoni, anamtazama mtoto anayetaka kupita chini ya kamba. Moyo wangu ulilipuka. Ni wewe, Mama! Kifua, mabega, lile tumbo dogo unalosema ni letu sisi, na kile kisimamo cha kumwambia mtu thubutu uone. Nikamshika fundi mkono, nikamwelekeza kwa kidevu. Fundi akamtazama juu mpaka chini, akasema huyo anapimika.

Kuuliza si ujinga. Nikamwendea, nikamweleza kwa lugha yao, ambayo nikiwa na wasiwasi inanivunjikia mdomoni. Kwanza alidhani nauza nguo. Alipoelewa alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akainua mikono, akasimama wima katikati ya vile viti, na fundi akaanza kumzungushia futi. Watalii wawili wakampiga picha. Nadhani walimchukulia kuwa sehemu ya maonyesho.

Akiwa ameinua mikono vile akaniuliza gauni ni la shughuli gani. Fundi akasimamisha futi, Bi Haraka akasogea, maana hata hao wawili sikuwa nimewaambia. Nikawaambia palepale. Bi Haraka alipiga kelele makumbusho mazima yakageuka. Mlinzi yeye aliuliza tu kama huyo bwana anajua kupika. Nikasema sijui, najua anatengeneza saa. Akasema basi angalau atarudi nyumbani kwa wakati.

Umeshanielewa, Mama? Usiweke barua chini. Kaa vizuri.

Najua kuhusu fundi saa. Kitinda mimba wako aliponyokwa na ulimi siku ile ya vipimo. Aliponiuliza gauni la nini nikamwambia zawadi tu, akasema afadhali, Mama atakuwa na nguo ya kuvaa akimkubali yule bwana, kisha akanyamaza kama aliyemeza sabuni. Nikambana mpaka akatema yote. Kwamba ile saa ya ukutani imeshatengenezwa mara nyingi kuliko inavyoharibika. Kwamba wazee wake wamekuja kuuliza kwa heshima, na kaka amekubali, na shangazi, dada yake Baba mwenyewe, amesema umekaa peke yako vya kutosha. Na kwamba wewe umewajibu wasubiri mpaka nirudi mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kipenzi cha Baba, na hutaki nisikie kwa simu na kulia peke yangu ugenini.

Mapenzi ni kikohozi, Mama, na wewe umekiziba mdomo kwa ajili yangu.

Nililia, sitakuficha. Nililia chumba cha mashuka, nikalowesha foronya ambayo ilibidi niipige pasi upya. Baba bado namlilia. Lakini nikiwa pale napiga pasi nikakuona unavyokula peke yako, kitinda mimba akiwa bado yuko matembezini, sahani juu ya kiti badala ya meza, kwa sababu meza ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Sijui nitapata likizo lini. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa baadaye zaidi. Sitaki mtu azeeke mlangoni akinisubiri mimi.

Tulishona Jumamosi jioni, tukamalizia Jumapili asubuhi. Fundi alikata, mimi nikaunga, Bi Haraka akapewa pindo na akalirudia mara mbili, kwani pindo halitaki haraka. Mikono nimeitia bitana mwenyewe. Mishono ikivuta popote, ujue ni ya kwangu, ya fundi haivuti.

Mkubalie, Mama. Siyo uniulize kwanza, siyo usubiri. Hilo ndilo jibu langu. Sasa fungua kifurushi.

Nisalimie kaka na mkewe na watoto wao. Shangazi mpe shikamoo yangu, na umwambie nimemshukuru kwa neno lake. Kitinda mimba asigombezwe, ulimi wake safari hii umefanya kazi ya maana. Na fundi saa nisalimie naye. Sijui nitamwitaje. Baba, kwangu, alikuwa mmoja, na jina hilo sina haraka nalo. Ila nikifika mlangoni nitamwamkia shikamoo, naye aniitikie marahaba, tutaanzia hapo.

Mwanao akupendaye,

Kiherehere wako