Siku Mbili Nilizomzuia Kabula

Ushirombo, Jumatano, Machi 1976

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Nisipoandika nitapiga kelele.

Kibali changu cha uganga kinasema wazi: nitibu kwa mizizi na majani, matumbo, vidonda na kikohozi. Mtoto mwenye degedege nimpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nimewaambia wazazi wangapi maneno hayo! "Mpelekeni kwa daktari, mimi siruhusiwi." Wakaenda, na watoto wao wakapona.

Jumatatu Kabula wangu alikakamaa mikononi mwa mama yake. "Baba Kabula, twende hospitali ya misheni," mke wangu akasema. Nikamwambia asubiri, dawa niliyofundishwa na marehemu baba itamtosha. Uongo. Niliona aibu watu wanione mimi, mganga, nimembeba mwanangu kumpeleka kwa daktari.

Leo asubuhi, tulipomleta hatimaye, daktari akaniuliza, "Mzee, umempa nini?"

Nikamtajia kila mzizi, sikuficha.

"Tangu lini?"

Niliposema Jumatatu aliacha kuandika, akanitazama.

Alasiri Kabula amefumbua macho. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Ananitazama tu, kama mtoto wa mtu mwingine. Daktari anasema homa imempanda kichwani, na hajui kama akili zitarudi zilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa hajanisemesha tangu jana. Sasa hivi ametoka mlangoni. "Umeacha kumwita kwa nini?"

Naingia.