Majani ya Miaka Minne

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kifua cha mama kimetulia. Mimi ni mzima, ila macho bado yananiwasha kwa moshi, na hasira nimeshindwa kuimeza. Ningekuwa namwandikia mkuu wa hifadhi ningepima maneno. Namwandikia kaka yangu, basi nivumilie.

Miaka minne sasa umepiga marufuku moto humu hifadhini. Kila mwaka nimekuja ofisini kwako kukuomba tuchome mapema, vipande vipande, majani yakiwa bado na unyevu, ili moto utambae na kuzimika wenyewe. Ukanijibu kwamba wageni hawaji kutazama majivu. Majani yakarundikana mpaka yakanipita kichwa.

Wiki iliyopita, kiangazi kikiwa kimekomaa, moto uliingia kutoka barabarani ukakimbia na upepo hadi mtoni. Kesho yake nilipita na daftari langu la kuhesabia wanyama. Watoto wa tohe, wale swala wa majani marefu, hawakimbii hatari, kaka. Hujilaza kimya majanini wakimngoja mama yao. Niliwakuta kumi na mmoja, wamejikunja vilevile walivyolala. Sungura na karunguyeye niliacha kuwahesabu.

Walionusurika walikuwa wamejazana kwenye ukanda mmoja tu, kando ya korongo. Ulishachomwa miezi mitano nyuma, kwa hiyo moto ulikosa cha kula. Wewe unaujua ukanda huo. Kwa ajili yake ulimfukuza kazi mlinzi wa lango, Babu Filimbi, baada ya kumkuta na kiberiti mfukoni. Alipokuambia kwamba si yeye, ulimjibu mbele ya watu kuwa uzee umemfundisha uongo. Mtu wa umri wa baba yetu!

Kaka, moto ule wa kando ya korongo niliuwasha mimi. Babu Filimbi aliniona, akanifichia siri. Nami nilikaa kikaoni nikitazama kucha zangu wakati unamvua sare. Hasira hii si juu yako peke yako. Nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Kesho asubuhi nitayasema haya mbele ya wafanyakazi wote. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini yeye mrudishe, na umwombe radhi kwa mdomo wako. Na atakayeshika kazi yangu, mwache achome mapema.

Wifi na watoto wasalimie sana. Mama usimwambie kitu. Nitakuja kumweleza mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Kigumu