Mkono Wenye Shughuli

Jumapili, 22 Juni

Isidro na Jomar walikuja kula baada ya misa, kama kila Jumapili. Jomar aliinama ili auguse mkono wangu kwa paji la uso wake, kama mkwe yeyote mwenye adabu anavyomwamkia mzee. Mkono ulikuwa na upawa. Jumapili iliyopita ulikuwa na rozari. Kabla ya hapo, nanasi. Sijawahi kumnyima mtu mkono — huwa tu una shughuli.

Walipoondoka, mwanangu Isidro alirudi mlangoni peke yake. Akasema ameishi na mwanaume huyu miaka minane, na hajawahi kuniona nikikumbatia nanasi akija mgeni mwingine. "Jumamosi tuna gwaride la Fahari, la watu kama sisi, Mama. Njoo utuone tulivyo. Ukishindwa, Jumapili tutakula kwetu."

Mtoto wa pekee. Nitakula na nani?

Alhamisi, 26 Juni

Nimekubali. Masharti: nitasimama, sitaandamana. Mbele ya duka la dawa, penye kivuli. Sitavaa rangi zao za upinde wa mvua.

Dada yangu Purificacion anasema nitaonekana kwenye televisheni na parokia nzima itajua. Nimemjibu kwamba parokia nzima inajua. Tunaojifanya hatujui ni mimi na yeye.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko ni aibu.

Duka la dawa lilikuwa limefungwa na turubai lao limeondolewa. Jua kali. Jomar akaja na mwavuli, akasimama nyuma yangu, akanishikia. Sikumwomba.

Gwaride likaja na ngoma. Kijana mrefu kama mlingoti, mwenye mabawa ya kipepeo, akaniona — mvi, sketi nyeusi, viatu vya kanisani. Akaacha mstari, akakunja mabawa, akainama, akaomba mkono. Nikampa. Mtoto akiomba kwa adabu hupewa; nimefundisha hivyo darasani maisha yangu yote, na mkono haukuwa na kitu. Nyuma yake akaja bibi harusi mwenye ndevu. Kisha wasichana wawili walioshikana mikono. Mmoja akaniambia kuwa bibi yake mzaa mama humpa kiwiko. Kiwiko!

Foleni ikakunja kona. Waliokuwa nyuma walidhani ni sehemu ya ratiba. Wasimamizi wakaniletea kiti, na kamba ya kunyoosha foleni. Niliwakemea waliojipenyeza.

Ng'ambo ya barabara watu wa kanisa fulani walikuwa wakitutangazia moto kwa kipaza sauti. Mmoja wao akavuka kuja kunigombeza. Lakini mtu hagombani na mzee kabla ya kumwamkia. Basi akainama kwanza, bango la jehanamu kwapani. Wenzake wakamwona. Wakaanza kumwombea yeye. Akaniuliza afanye nini sasa. Nikamwambia aketi, anywe maji.

Kipepeo alirudi mara ya pili. Nilimtambua.

"Bibi, huyu wa mwavuli ni nani wako?"

"Ni wa Isidro."

"Sijauliza wa Isidro. Nimeuliza wako."

Nikamwambia anachelewesha foleni.

Jomar alisikia. Mwavuli haukutikisika. Mji mzima umepata mkono wangu leo, isipokuwa yeye. Hakupanga foleni. Angeinama, jua lingenipiga.

Jumapili, 29 Juni

Mkono umevimba kama mkate. Purificacion ameufunga bendeji na kuniamuru nisiguse kitu. Sikwenda misa. Nilikaa kutazama geti, ingawa nilijiambia kwamba natazama maua.

Wamekuja. Isidro alinibusu shavuni. Jomar alisimama, akautazama mkono, hakuinama. Akatabasamu, bila dharau.

"Leo una sababu ya kweli, Mwalimu."

Akapita jikoni kuosha mchele.

Sababu ya kweli. Nimeitafuta miaka minane, na sasa ninayo, imefungwa kwa pini.

Nimeanza kuifungua. Pini ya kwanza imetoka. Ya pili iko chini ya kiganja. Mkono wa kushoto ni mzito, na meno ninayovutia ni ya bandia. Isidro ameinuka anisaidie. Nimemwambia aketi. Nimemwita Jomar. Anasema anakuja, mikono imelowa, aifute kwanza. Nimemwambia asiifute, aje hivyo hivyo, mkono hauna shughuli —